Umeme wa Pikipiki Una Kipimo Chake

Wanangu mnaoendesha bodaboda hapa Mollo, na ninyi mnaotoka Laela, Matai na Namanyere kuja kusaka abiria mjini Sumbawanga, leo nataka tuzungumze habari ya waya. Mwendo kasi na kofia ngumu mmeshaambiwa na wengi, nami sitayarudia. Nasema juu ya ule waya mwembamba unaoanzia chini ya siti, ukapenya chini ya tenki, ukatokeza kwenye usukani ukiwa na chaji ya simu, au taa mbili za spoti, au redio. Mara nyingi umefungwa na mtu mwenye haraka, na mwenye pikipiki alikuwa na haraka kumzidi.

Sisemi msifunge. Wapo wazee wenzangu wanaoona kila taa ya ziada kuwa ni ujana tu, nami siko nao. Mkoa wetu wa Rukwa uliishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa. Umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia kwa njia ya Mbala, ukisaidiwa na majenereta ya dizeli, na vijijini tulikaa gizani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umetokana na sheria ya mwaka 2005, na nguzo zake zimefika mahali pengi, lakini nguzo ikipita mbele ya nyumba haimaanishi kwamba nyumba ile ina umeme. Kwa hiyo mtu huchaji simu pale anaposhinda, na ninyi mnashinda juu ya siti. Simu yenyewe si ya maongezi tu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 simu imekuwa mkoba wa fedha, na kwa dereva ndiyo kengele ya mteja. Usiku wa manane mama anaposhikwa na uchungu kijijini, huitwa dereva ambaye simu yake ina chaji na taa yake inaonyesha barabara mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kwa hiyo haja ya vitu hivi naikubali kwa moyo wote. Ninachokitaka ni kwamba kila mmoja wenu ajue pikipiki yake inazalisha umeme kiasi gani kabla hajaamua kuugawa.

Umeme wa pikipiki hautoki kwenye betri. Wengi huanza kukosea hapo. Unatoka kwenye magneti, ubavuni mwa injini, ambako gurudumu lenye sumaku linazunguka karibu na koili za waya wa shaba. Sumaku zikipita, umeme unazaliwa ndani ya koili. Umeme huo unakwenda mbele na nyuma, haufai kuchaji betri, kwa hiyo hupitishwa kwenye rektifaya, kile kidude cha chuma chenye mapezi. Rektifaya huunyoosha uende upande mmoja, na huzuia volti zisipite 14 na nusu hivi. Ziada isiyotumika huigeuza kuwa joto, ndiyo maana huwa ya moto ukiishika na ndiyo maana imefungwa mahali penye upepo. Ukiifunika kwa kava la siti au ukaisogeza ndani ili ipatikane nafasi ya redio, umeanza kuiua.

Fikiri juu ya mahindi. Magneti ni shamba, betri ni kihenge. Kihenge kinahifadhi kilichovunwa, nacho kinakuvusha hadi injini iwake, lakini hakilimi. Kijana anaponiambia amefunga betri kubwa ili spoti zake ziwake vizuri, namuuliza: shamba umeliongeza? Betri kubwa itakuchelewesha kuona njaa, na ikishakwisha itachukua muda mrefu zaidi kujaa, kwa kuwa magneti ni ileile.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu maneno haya yatabaki hotuba. Pikipiki nyingi tunazotumia huku, Boxer, TVS, Sanlg na wenzake wa cc 100 hadi 150, hutoa kwa kawaida kati ya wati 70 na 130 injini ikizunguka kiasi cha mara elfu tano kwa dakika. Kiasi hasa cha pikipiki yako kimeandikwa kwenye kijitabu chake, kile ulichokiacha dukani. Tuchukue wati 90. Taa kubwa ya balbu ya kawaida inakula 35. Taa ya nyuma 5. Taa za dashibodi tatu au nne. Mfumo wa kurusha cheche kwenye plagi tuuwekee 15. Hapo tumefika karibu 60. Ukikanyaga breki balbu ya nyuma inaongeza 21, ukiwasha indiketa balbu mbili zinakula 20, ila hizo ni za muda mfupi. Zimebaki wati 30, na hizo 30 si zako zote, kwa sababu betri iliyotumika kuwasha injini asubuhi inadai irudishiwe. Mimi ningekuachia 15, nikikupendelea 20.

Chaji ya simu ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10, na kwa upotevu wake wa ndani inavuta kama wati 12. Hiyo inaingia bila shida. Spoti mbili za wati 20 kila moja ni wati 40. Hizo haziingii. Hapo hakuna cha ubishi, wala hakuna fundi awezaye kukufungia ziingie. Na wati 90 tulizozihesabu ni za injini inayokimbia. Ukisimama kijiweni injini ikinguruma bila resi, magneti hutoa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na muziki unaowapigia wenzako wakati huo unatoka kwenye kihenge.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wengine hawalisemi. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa kubwa. Ikiwaka, taa yako inalishwa na betri. Isipowaka mpaka injini ingurume, na mwanga wake ukawa unapanda na kushuka kufuata resi, basi taa hiyo inalishwa moja kwa moja na magneti, kabla umeme haujanyooshwa. Pikipiki nyingi za bei nafuu zimeundwa hivyo. Maana yake, upande wa betri unapata sehemu tu ya umeme wote, na hesabu ya wati 90 niliyokupigia lazima uipunguze sana. Maana yake pia, ukitoa balbu ya wati 35 ukaweka ya LED ya wati 10, zile 25 ulizookoa hazihamii kwenye betri. Tena LED yenyewe inaweza kucheza-cheza au kuungua, kwa kuwa imetengenezwa kwa umeme ulionyooshwa. Wapo mafundi wanaojua kubadilisha mfumo mzima uende upande wa betri, koili na rektifaya vyote, lakini hiyo ni kazi ya mtu anayeijua. Usikubali ifanyiwe majaribio kwenye pikipiki unayoilipia hesabu kwa bosi kila jioni.

Ukikosea hesabu hii, hasara yake ni betri. Ukikosea fyuzi, hasara yake ni moto.

Fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda waya. Simu haimo katika kazi yake. Waya ukichunika ngozi shingoni mwa usukani, pale unapokunjwa kila unapogeuka, shaba ikagusa chuma cha fremu, umeme wote wa betri hupita hapo kwa mpigo. Ndiyo shoti. Waya mwembamba hugeuka mwekundu kwa sekunde chache, ngozi yake ya plastiki inashika moto, nawe umeupitisha chini ya tenki la petroli. Fyuzi iliyo karibu na betri hukatika kabla waya haujapata joto. Iliyo mbali, kule kwenye usukani karibu na chaji, haisaidii kitu, maana shoti imetokea kabla ya kuifikia. Kwa hiyo iweke kwenye waya wa chanya, shubiri moja tu kutoka kwenye betri, isizidi hapo.

Ukubwa wake nao una hesabu. Gawa wati kwa volti 12 upate ampea. Chaji ya wati 12 ni ampea 1. Weka fyuzi ya 2 au 3. Waya wa milimita za mraba 0.75 unatosha kabisa kwa kazi hiyo. Usiweke fyuzi ya 15 eti isikatike-katike. Fyuzi ikikatika imekuambia kuna tatizo, na kazi yako ni kulitafuta. Kuna tabia ya kuviringisha karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, au uzi wa shaba, pale fyuzi ilipokuwa. Anayefanya hivyo ameondoa kinga pekee iliyokuwapo kati ya betri na petroli, naye amekaa juu yake na abiria mgongoni. Wanangu, hili nawaomba kama mzazi: msilifanye hata siku moja, hata mkiwa porini usiku. Fyuzi za akiba ni vitu vidogo vya bei ya chini. Funga mbili kwa tepu ndani ya kifuniko cha betri.

Ubaya mwingine ni kudandia. Fundi anaona waya wa honi au wa indiketa uko karibu, anauchuna kidogo, anazungushia waya mpya, anabandika tepu nyeusi, kazi imekwisha. Waya ule ulipimwa kwa ajili ya honi. Ukiubebesha na spoti, unapata joto, na swichi ya ufunguo ambayo umeme wote unapitia inaungua ndani polepole, hadi siku moja pikipiki inazimika katikati ya kona za kushuka bonde la Ziwa Rukwa. Kifaa cha ziada kiwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye betri, chanya na hasi, na fyuzi yake. Kama ni taa zenye nguvu kubwa kidogo, weka na rilei, ili swichi ndogo ya usukani iiamuru rilei tu na mzigo usipite ndani yake.

Chaji iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri bila swichi nayo ina lake. Hata simu isipochomekwa, mashine yake ya ndani inaendelea kula kidogo. Tuseme milampea 20. Kwa siku nzima hiyo ni karibu nusu ya ampea-saa. Betri ya pikipiki hizi ni ndogo, kati ya ampea-saa 2.5 na 9, imeandikwa ubavuni. Ya ampea-saa 5 ukiiacha hivyo siku tano, ukaenda msibani Kirando na kurudi, utakuta imeliwa karibu nusu. Betri ya risasi na asidi ikikaa nusu tupu kwa muda, sahani zake zinajengeka ugumu mweupe usiotoka tena. Kwa hiyo weka swichi, au chukua umeme mahali panapokufa ukizima ufunguo.

Simu nayo ichomeke baada ya injini kuwaka. Wakati wa kuwasha, volti zinashuka ghafla na kupanda ghafla, na chaji za bei rahisi hazivumilii. Tena msiendeshe pikipiki isiyo na betri. Najua wengi mnafanya hivyo betri ikifa: unaitoa, unapiga kiki, maisha yanaendelea. Lakini betri pia hutuliza umeme wa rektifaya. Ikiondoka, volti zinaruka-ruka, na kitu cha kwanza kuungua ni balbu, cha pili ni chaji pamoja na simu iliyochomekwa humo.

Kama simu yako ni ya thamani, nakushauri uchaji pawabenki kwenye pikipiki, kisha simu uichaji kutoka kwenye pawabenki. Ya milampea-saa 10,000 inabeba kama wati-saa 37, kwa hiyo chaji ya wati 10 itaijaza kwa saa nne au tano za kazi, na simu inakaa mfukoni mbali na vumbi na mtikisiko. Mtikisiko si jambo dogo. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatangazia wenye iPhone kwamba mtetemo wa injini za pikipiki zenye nguvu, ukipita kwenye fremu na usukani, unaweza kuharibu kamera ya simu iliyofungwa hapo. Na simu iliyo usukanini inavuta macho. Mtu aliyekabidhi uhai wake mgongoni pako hakulipia usome ujumbe ukiwa mwendoni.

Kuhusu spoti nina neno fupi. Zile zinazotupa mwanga mweupe juu, machoni pa anayekuja, hazikusaidii. Zinampofusha mwenzako, naye ndiye atakayekugonga. Zielekeze chini, uzizime unapopishana. Taa za bluu na nyekundu za kuwaka-waka pamoja na ving'ora tuwaachie polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa.

Huku kwetu juu, kimo cha kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kuna mawili ya kuongeza. Asubuhi za Juni na Julai baridi inaipunguzia betri nguvu, hata ile nzima. Usiibane stata mara nane mfululizo. Piga kiki, iwashe, iache ipate joto bila taa wala redio, ndipo uanze kugawa. Na mvua zikianza Novemba hadi Aprili, maji yanafuata waya kama yanavyofuata mfereji. Waya unaoingia kwenye chaji au swichi uache ushuke chini kwanza, kisha upande kuingia, ili tone lidondoke pale chini kabla ya kufika ndani. Maungio yachomelewe kwa risasi au yabanwe kwa klipu, kisha yafunikwe; kusokota kwa vidole na kubandika tepu hakupiti masika moja. Na ukifungua betri, toa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa fremu isilete cheche.

Sasa nizungumzie betri iliyokufa, maana anayezidisha mzigo atakuwa nazo nyingi. Sisi Wafipa ni watu wa moto na chuma. Babu zetu walijenga malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe yenye chuma, wakafua majembe. Kwa hiyo sishangai kijana akiona betri chakavu, akataka kuivunja ayeyushe risasi iliyomo atengeneze vizito vya nyavu. Lakini risasi si chuma. Mvuke na vumbi lake ni sumu inayoingia kwenye damu, na kwa mtoto mdogo inadhuru ubongo kwa namna isiyorudi. Pale Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia sumu wakazi kabla ya kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziwezi kumwondolea mtoto madhara yaliyokwisha kumwingia. Betri ikifa, iuze ikiwa nzima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, asidi yake ikiwa ndani. Usiimwage asidi uani, usiivunje, na usiiweke pale watoto wanapochezea. Iliyo hai na yenye vifuniko vya kufungua, iongezee maji yaliyokenekwa kwa ajili ya betri, yasiwe ya kisima wala asidi mpya.

Mtauliza utajuaje kama umezidisha, ikiwa kijitabu kimepotea na fundi anasema haina shida. Kuna mita ya kupimia umeme, ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Iweke kwenye volti za umeme wa betri, gusa chanya na hasi. Asubuhi kabla ya kuwasha, 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imechoka. Washa injini, washa taa na kila ulichofunga, piga resi kiasi cha mwendo wa barabarani. Ukisoma kati ya 13.5 na 14.5, shamba linalisha nyumba. Ukisoma chini ya 13, unakula akiba. Punguza kitu kimoja upime tena. Ukisoma zaidi ya 15, rektifaya imekufa, nayo itachemsha betri na kuunguza balbu, basi usiendelee na safari za siku hiyo.

Kipimo hicho kinachukua dakika tano. Naomba kila kijiwe, kuanzia hapa Mollo, kichange kinunue mita moja iwe mali ya wote, akabidhiwe mwenyekiti, na kila dereva apimiwe pikipiki yake kabla masika hayajaingia. Atakayekutwa hana fyuzi kwenye waya wake wa ziada, wenzake wasimruhusu kupakia abiria mpaka aiweke.